Mildred, Trafiki wa Printa za Ruwi

Saa tatu asubuhi, Jumatano, mwaka 2004. Ofisi moja ya bima hapa Ruwi, Muscat, inachemka kama soko, maana kesho Alhamisi ni wikendi ya huku na kila mtu anataka karatasi zake sasa hivi.

"Mildred! Yangu iko wapi?"

"Iko kwa foleni, Mike. Punguza presha!"

Mildred Nekesa, mama wa watoto wawili kutoka Webuye, ndiye mwenye rungu. Printa zote za jengo anazitawala kwenye kompyuta yake. Kazi ya mtu anaweza kuilaza, kuiamsha, kuipitisha mbele au kuifuta kabisa.

"Mimi ni trafiki," anasema akicheka. "Tofauti ni moja tu, sichukui kitu kidogo."

Leo printa ya ghorofa ya pili imeganda. Mbele ya foleni kuna kazi isiyo na jina, alama za kuuliza tupu. Kompyuta yake haijui herufi za Kiarabu, kwa hiyo jina la Kiarabu huonekana hivyo. Mildred anajua. Lakini kazi mbovu nazo huja na sura hiyohiyo, na watu wanapiga kelele. Anabonyeza. Imefutwa!

Printa inakohoa, karatasi zinamwagika. Watu wanapiga makofi.

Mara Bi Muhsina wa mapokezi, Mwomani mzaliwa wa Unguja, anatokea mlangoni.

"Mwanangu, Yasini zangu zishatoka? Nna khitma ya mama leo alasiri, kule Ansab."

Mildred anashika kichwa. "Woi! Bi Muhsina, nimezifuta!"

Wanairudisha diski aliyokuja nayo Bi Muhsina kwenye kompyuta. Wapi! Imegoma kusomeka. Na vile vijitabu vya Yasini vina dua yenye jina la marehemu, Bi Shariffa. Jamaa watakuja kumsomea, wagawiwe nini?

"Leo ntaonekana kituko," Bi Muhsina ananong'ona.

Mildred anatimua mbio hadi kwenye printa. Anachungulia rundo, na hicho hapo chini kabisa! Kijitabu kimoja kilishatoka kabla mashine haijaganda. Ananyoosha mkono, anausimamisha hewani. Ni maneno ya Kurani, naye ni Mkristo.

"Ngoja nende nikatie udhu," anasema Bi Muhsina, machozi na kicheko pamoja. "Karatasi zangu, vitufe vyako."

Basi wanashirikiana. Bi Muhsina anapanga kurasa kwenye skana, Mildred anabonyeza. Kisha Mildred anarudi kwenye kiti chake, anazilaza kazi za ofisi nzima na kuipitisha Yasini mbele.

Simu inalia. Ni bosi, Marhoon.

"Mildred, ripoti yangu imekwama?"

"Haijakwama, bosi. Nimeilaza. Anapita mama yake Bi Muhsina."

"Bi Shariffa? Alinilisha sana mikate ya kumimina yule. Mpishe, mpishe!"

Adhuhuri Bi Muhsina anaondoka na boksi limejaa, likiwa bado na joto la mashine.

Mildred ana miaka sita Muscat na anasema kazi hii anaipenda mpaka basi. Ila sasa ana mpango. Ameshaomba kompyuta yake iwekewe Kiarabu, na kuanzia Jumamosi, wakati wa chai, Bi Muhsina atamfundisha kusoma herufi zake, alifu kwa ujiti.

"Hatanifundisha kwa mpangilio," anasema. "Nimemwambia tuanze na herufi za Shariffa."