Mbuzi Ndani ya Seng'enge

Kikundi chetu cha kutunza mto kilikuwa na sheria nyingi, lakini moja tu ndiyo kila mtu aliikumbuka bila kusomewa: mnyama akipatikana ndani ya seng'enge, anachinjwa na kuliwa na kikundi siku hiyo hiyo. Mwenye mnyama anapewa ngozi.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Ukingo tulioutunza uko upande wa chini wa mto Theta, mahali mashamba ya kahawa yalipokatwakatwa kuwa ploti. Kila Jumamosi tulitoka mtaa wa Kimbo na kwenye ploti za karibu, wachuuzi, mafundi na wastaafu wachache, tukapanda miti ya miringa na mianzi ili udongo usimalizikie mtoni. Msimu wa kwanza ng'ombe na mbuzi walikula kila kitu. Tukachanga nguzo na seng'enge kuukuu, tukaitisha mkutano, na mikono ikainuliwa. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja aliyetoka magharibi ya nchi zamani kuja kuchuma kahawa Ruiru. Kahawa iling'olewa, yeye akabaki, akapanga chumba cha mabati. Nyuma ya chumba hicho aliotesha miche katika pakiti za maziwa alizookota kwenye vibanda vya chai. Miche yetu mingi ilikuwa yake. Miti mimi nimeijua kwa vitabu vya mtumba na kwa kupimapima. Yeye aliijua kwa mikono, na miche yake haikufa.

Binti yake alifariki akaacha mtoto mchanga. Maziwa ya ng'ombe yalimtapisha mtoto na kumtoa vipele mwili mzima. Ya mbuzi yalikaa tumboni. Mama huyo aliyanunua kwa jirani hadi jirani akauza mbuzi wake. Ndipo akajinyima, akanunua mtamba, na wakati ninaousimulia mbuzi huyo alikuwa karibu kuzaa, mtoto akishinda kwa uji mwepesi. Kila Jumamosi alituambia kiwele kimefika wapi. Fundi mmoja wa kujenga kutoka Kimbo alimuuliza kama mahari ilishalipwa, maana anamtunza mbuzi kama mkaza mwana.

Jumamosi hiyo tulifika baada ya mvua ya usiku. Kigingi cha mbuzi wa mama huyo kilikuwa kimeng'oka katika udongo laini. Mbuzi alikuwa amelala chini ya mianzi, anacheua, kamba bado shingoni. Mbele yake, safu ya miringa ilikuwa imekatwa.

Nilipiga magoti nikaangalia. Mbuzi huvuta majani na kuacha shina limechanika nyuzinyuzi. Mashina haya yalikatwa mshazari, laini, yote kimo kimoja, pamoja na nyasi zilizoyazunguka. Na pale yalipokatwa palikuwa pameshaanza kuwa peusi, kwa hiyo yalikatwa kabla mbuzi hajaingia. Ilikuwa kazi ya mundu. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kukata nyasi ndani ya seng'enge, naye ni mfanyakazi wa mwenyekiti wetu; mwenyekiti anafuga ng'ombe wa maziwa.

Niliyasema haya mbele ya wote.

"Sawa," mwenyekiti akasema. "Ni kijana wangu alikata. Nitamgombeza. Lakini mimi sijauliza nani alimaliza miti. Nauliza, huyu mbuzi ako ndani ama ako nje?"

"Ako ndani kabisa," fundi akajibu. "Hata amelala kama mtu amelipa nyumba."

Watu wakacheka. Mtoto wa jirani alitumwa kumwita mwenye mbuzi.

Alikuja mbio, mjukuu mgongoni. Aliomba alipe kwa soda na mkate, kama mwenyekiti alivyolipa mwezi uliotangulia ndama wake alipopatikana humo humo. Mwenyekiti alimweleza kwa upole kwamba siku hiyo watu hawakuwa na njaa. Mama akasema mbuzi ana mimba. Fundi akasema basi ni baraka, tutakula wawili kwa kisu kimoja. Mwanamke anayeuza viazi kwenye steji ya matatu, ambaye siku nyingine alikuwa akienda naye kanisani, alimshika bega.

"Mama, si ni wewe uliinua mkono wa kwanza?"

"Ni mimi."

"Basi usitulilie hapa."

"Na usinune," fundi akaongeza. "Nyinyi watu wa magharibi mmezoea kuku. Leo utaonja nyama."

Walimchinja mbuzi pale pale, kwenye majani ya migomba. Kisu kilipopita kwenye kiwele, maziwa ya kwanza yalitoka, mazito, ya manjano, yakaenea juu ya majani. Mtoto alikuwa analia kwa njaa wakati huo, na bibi yake alikuwa anayatazama. Tumboni mlikuwa na wawili, wameshaota manyoya. Mwenyekiti aliagiza wafukiwe katika shimo lililokuwa limechimbwa kwa ajili ya mwanzi. Kikundi cha mazingira, alisema, hakitupi mbolea.

Moto ukawashwa. Kachumbari ikakatwa. Mama alipewa ngozi, imekunjwa vizuri, na kipande cha mbavu juu yake. Alivishika kwa muda, kisha akaviweka chini, akakaza leso ya mtoto, akaenda mwanzo wa safu.

Mche wa kwanza alioung'oa ulitoka bila taabu. Udongo ulikuwa umelowa. Akauvunja kwenye goti, akauacha, akashika wa pili.

Fundi alicheka peke yake. Mwenyekiti alisimama, mfupa mkononi.

"Hiyo ni mali ya kikundi, mama."

Mama alinigeukia mimi, katibu wa kikundi, ambaye wote waliniita Mwalimu.

"Mwalimu, sheria inasema nini mtu akipatikana ndani?"

"Inataja mnyama," nikasema. "Haimtaji mtu."

"Asante."

Akaendelea. Alijua ipi ilikuwa yake na ipi si yake. Mianzi ya wengine aliipita bila kuigusa. Alipofika kwenye visiki vya ile iliyokatwa kwa mundu, visiki ambavyo vingechipua tena kabla mvua haijaisha, aliving'oa navyo, akichimba kwa vidole pale mzizi ulipogoma. Mwenyekiti alimfuata hadi hapo, akamshika mkono.

"Unatuharibia kazi ya miaka kwa sababu ya mbuzi?"

"Mtoto atakunywa nini kesho?"

"Nunua maziwa kama watu wengine."

Mama alimtazama mpaka mwenyekiti akauachilia mkono. Muuza viazi aliita kutoka motoni kwamba aachwe tu, atachoka. Hakuchoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akalala, na mama akaendelea kuinama naye mgongoni hadi mwisho wa safu. Hapo aliinua waya wa chini, akapita, akaenda zake kwa njia ya ploti bila kugeuka.

Sehemu kubwa ya ukingo ilibaki mashimo. Maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yanachuruzika kutoka juu, yakaingia katika mashimo hayo, yakatoka mekundu kuelekea mtoni. Tulisimama tukitazama. Mawingu yalikuwa yanarudi, na mwenyekiti akasema tugawane nyama iliyobaki kabla haijanyeshewa.