Nyumba ya Bi Mkubwa, Ardhi ya Mwingine

Mimi si mtu wa kutoka. Hapa Kaloleni wote wanajua: ukinikosa chumba cha mbele nikishona sare za shule, niko uwani, ukinikosa uwani, basi nimelala. Dada yangu, ambaye alibaki kule kwetu milimani akilima, husema mama yetu alizaa watoto watano na kuku mmoja wa kuatamia. Kuku ni mimi.

Kwa hiyo mwenye nyumba, Bi Mkubwa, aliponiita ukumbini na kuniambia anauza, nilishika ukuta kama mtu aliyeambiwa atafanyiwa upasuaji.

"Mwanangu," akasema, "binti yangu ananiita Mombasa. Nimezeeka. Nimeanza na wewe kwa sababu umeizoea. Ukishindwa, kuna bwana anataka kuibomoa ajenge gesti."

Ni nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Mume wake, ambaye wazee wake walitoka pwani, aliijenga akamwachia alipofariki. Bi Mkubwa anakaa vyumba vya nyuma, mimi nimepanga viwili vya mbele tangu nikiwa na nywele. Nikawaza gesti, nikawaza kubeba cherehani kutafuta dirisha lingine lenye mwanga kama huu. Nikasema nitanunua. Nilikuwa na akiba ya chama, na dada akaapa kuuza ng'ombe, mradi tu nisihamie kwake.

Nikaenda kwa wakili mjini. Sijui nilipata wapi ulimi. Kidato cha nne nilikaa nyuma darasani nisiulizwe kitu, lakini siku ile niliuliza mimi. Mimi na muuzaji tunaweza kutumia wakili mmoja? Afadhali kila mtu na wake, akasema, msije mkagombana mkanigeukia mimi. Ushuru wa serikali analipa nani? Mnunuzi. Muuzaji akifariki katikati? Makubaliano yakishatiwa sahihi, warithi wake wataendelea. Na mapazia, yanabaki au yanaondoka?

"Mapazia?" akauliza wakili.

"Nimeyashona mimi mwenyewe."

"Basi hayo ni yako tangu mwanzo, bwana." Akavua miwani. "Umeuliza mpaka mapazia, lakini hujanipa namba ya ploti. Bila hiyo siwezi kufanya sachi, yaani kuangalia ofisi ya ardhi kama anayeuza ndiye mwenyewe."

Nikarudi nyumbani nimejaa aibu ndogo. Nilimkuta dada ameshuka kutoka milimani na ndizi, ameketi uwani na Bi Mkubwa wakichambua mchicha.

"Mama," nikasema, "wakili anataka namba ya ploti. Na hati, kama iko karibu."

Bi Mkubwa hakuinua hata kichwa. "Hati anayo mwenye kiwanja."

"Mwenye kiwanja si ni wewe?"

"Mimi? Mimi nina nyumba. Kiwanja ni cha yule bwana wa duka la misumari na mabati. Babu yake alimpa mume wangu mahali pa kujenga, na kila mwezi tunapeleka ijara, kodi ya kiwanja. Ndiyo ada yetu. Kwani hukujua?"

Dada aliweka kisu chini. "Ngoja. Unataka kumuuzia kuta?"

"Kuta, mabati, milango ya mvule na choo. Nyumba nzima."

"Ikae wapi? Kichwani kwake?" Akanigeukia. "Na wewe, miaka yote hii umekaa kwenye udongo wa nani hujauliza?"

Nilimjibu kwamba kwetu milimani hakuna anayeuliza. Mtu ananunua shamba. Akikuta nyumba juu yake, hiyo ni nyongeza, anaweza kuibomoa apande mahindi. Kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba, akaozesha wanawe ndani yake, akamtoa mumewe mlango ule ule kwenda kuzikwa, na udongo ulio chini ya miguu yake usiwe wake, hilo halikunipitia akilini. Na Bi Mkubwa naye alituangalia kama watu wa ajabu wanaolipia mchanga.

"Twende kwa huyo wa misumari," dada akasema.

Tulikwenda wawili. Bwana wa duka alikuwa akipima waya. Nikajieleza kwa urefu, na yeye akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa. Lakini wewe hukuletwa," akasema. "Umekuja tu. Nyumba ikibadilisha mkono, anayetoka ndiye anayemleta anayeingia. Mrudie mama."

"Hata kanisani hatubishi hodi hivi," dada alinung'unika, akaenda zake kupanda gari la milimani.

Kesho yake nilimleta Bi Mkubwa, au yeye alinileta mimi. Alivaa buibui la Idi, akashika mkono wangu, tukaenda polepole, akisalimia kila mlango. Dukani alipewa kiti na soda.

"Mwanangu, huyu ndiye," akamwambia yule bwana. "Ana maswali mengi, lakini hana makuu."

Nikathibitisha papo hapo. Nikamuuliza yule bwana kama ardhi yenyewe, hiyo ya chini ya nyumba, angeweza kuiuza siku moja. Niliuliza tu kwa kutaka kujua.

Akakuna kidevu. "Ningeuza. Mzee wangu pia angeuza. Ni kipande kidogo, kinanisumbua tu. Hakuna aliyewahi kutuuliza."

Bi Mkubwa aliweka soda chini. Tukaaga.

Njiani alisimama kwenye kivuli cha kinyozi.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia, mama."

"Marehemu alinikataza. Alisema, mwenye ardhi usimuulize kitu. Ukimuuliza, utamkumbusha kwamba tupo." Akavuta pumzi. "Unadhani mimi natamani Mombasa? Binti yangu anakaa ghorofa ya tatu. Mchicha nitauchambulia wapi, kwenye ngazi? Niliogopa nife, halafu wanangu waambiwe ng'oeni mabati yenu mwende. Nikaona heri niuze ningali hai."

Hapo nilijua kabisa la kufanya. Mtu mwenye akili anayetaka nyumba angenyamaza. Angenunua kuta kwa mmoja na udongo kwa mwingine, na mambo yamekwisha. Lakini mdomo wangu siku zile ulikuwa haunisikilizi.

"Sasa mama," nikajisikia nikisema, "kwa nini usiinunue wewe hiyo ardhi?"

Kinyozi alizima mashine.

"Na wewe?" akauliza Bi Mkubwa.

"Mimi naenda wapi?"

Alimpigia binti yake jioni ile. Sikusikia yote, ingawa nilisimamisha cherehani nijaribu. Nilisikia "sitaki ngazi" mara nyingi, na mwisho "basi zitume hizo pesa".

Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa wakili. Wakili alinikumbuka, akatoa faili yenye jina langu.

"Ndiyo, mnunuzi. Umeleta namba ya ploti?"

"Namba hii hapa, lakini mnunuzi si mimi," nikasema. "Mnunuzi ni huyu mama aliyekuwa muuzaji."

"Na muuzaji?"

"Yuko dukani, anauza misumari."

"Wewe je, uko wapi katika shughuli hii?"

"Vyumba vya mbele. Nimepanga."

Wakili alikata jina langu kwa mstari mmoja, na moyo wangu ulichomwa kidogo, sitasema uongo. Ng'ombe wa dada alipona. Kisha Bi Mkubwa akasogeza kiti mezani. Nilingoja aulize mambo ya ushuru au ya muda, nikawa tayari kumsaidia, maana majibu nilikuwa nayo. Hakuuliza hayo.

"Nikishamaliza kila kitu," akasema, "kuna mtu anaweza kuja kuniambia niondoke?"

"Hapana, mama. Ardhi itakuwa kwa jina lako."

"Hata wajukuu wa yule bwana?"

"Hata wao."

Akatengeneza buibui lake. Kisha akamwomba wakili, kwa upole kabisa, amwambie tena.