Rangi Ilikuwa Imekauka

Semeni mtakavyo, mimi bado nasema rangi ile ilikuwa imekauka. Mama Anjela wa Matogoro alikuwa anamwoza binti yake, akanipa kazi ya kupaka ukuta wa nje rangi ya bluu. Jirani akanionya: "Fundi, kwa baridi hii ya Julai, rangi haikauki upesi." Nikamwambia brashi naishika mimi.

Asubuhi ya harusi wazee walitoka kuota jua ukutani, kama tunavyofanya Songea nzima msimu wa baridi, lakini wakaogopa kuegemea. Nikaona wananidharau. Nikawapa shikamoo, nikakaa, nikauegemea ukuta mgongo mzima, na koti langu jeusi la sherehe.

"Mnaona? Imekauka!"

Nilipoinuka walitazamana. "Tumeona, fundi," mmoja akajibu.

Kanisani nikakaa mbele kabisa. Nyuma yangu watu wakaanza kucheka. Nikageuka, nikawakaripia: mnacheka nini katika nyumba ya Mungu? Wakazidi. Wakati wa sadaka nikapita mbele kwa maringo, kwaya nzima ikapoteza wimbo. Mama Anjela akanishika mkono.

"Fundi," akasema, "mbona ukuta wangu umekuja nao kanisani?"