Upana wa Magurudumu ya Bibi

Mwaka ambao chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nilirudi Mombasa nikiwa na maswali mengi na kazi sina. Nyumbani Mji wa Kale nilimkuta bibi yangu, mama yake mama, kwenye kiti cha magurudumu alicholetewa na mjomba kutoka ng'ambo. Miguu ilikuwa imemkataa. Kiti kilikuwa kizuri, ila hakikuweza kumfikisha mahali pamoja alipopataka.

Alitaka kwenda kwa dada yake mkubwa, aliyekuwa kitandani na ameanza kukataa chakula. Nyumba yenyewe haikuwa mbali. Lakini njiani palikuwa na kona: upande mmoja baraza ya mawe ya jirani, upande wa pili mtaro, na kichochoro chenyewe kimelalia mtaroni. Kiti hakikuenea pale.

Nilimuuliza mama kwa nini jirani asiombwe avunje pembe ya baraza yake. Akaniangalia kana kwamba nimetaka tuvunje msikiti. Basi kwa nini Bibi asibebwe? Hilo Bibi alilijibu mwenyewe.

"Siku ya kubebwa ipo," alisema. "Siiharakishi."

Nikageukia magurudumu. Kati ya kila gurudumu na kiti palikuwa na pete za chuma zilizolisukuma nje. Nilizitoa, magurudumu yakasogea ndani, na kiti kikawa chembamba. Hapo wasiwasi ukaanza. Aliyekitengeneza hakuweka upana ule kwa urembo. Upana ndio uliokizuia kisipinduke. Nilitaka uhakika kabla ya kumkalisha mtu.

Nililifunga gunia la makaa kitini nikalisukuma hadi kwenye kona. Kilipita, kweli, lakini pale penye mteremko gurudumu la upande wa baraza liliinuka, na kiti na gunia vikaangukia mtaroni. Mwenye baraza alikuwa ameketi pale pale na kikombe chake cha kahawa. Akanipa pole ya msiba.

Nilirudi nikamwambia Bibi haiwezekani, pete nazirudisha. Nikamweleza habari ya uzito na mteremko kama ninayefundisha darasa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Gunia halijui lenda wapi," akasema. "Mimi najua."

Nilikuwa na tabia ya kutafuta kosa katika kila neno la watu wazima, na hapo nililitafuta kwa bidii. Kujua hakupunguzi uzito, nilijiambia. Lakini mtu anayejua hulalia upande unaofaa, na akilala upande, uzito wake huhama. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa gunia. Nilikuwa nimempima Bibi kama mzigo, ilhali yeye ni abiria. Nikajiuliza ni mambo mangapi mengine niliyoyakataa kwa sababu nilitaka yasimame yenyewe, bila mtu ndani.

Tulikwenda baada ya sala ya alasiri. Kwenye kona nilimwambia alalie kulia. Akalala kulia, buibui lake likapapasa mawe ya baraza, na jirani akavuta miguu na kikombe. Gurudumu likainuka kidogo. Nikasita.

"Sukuma, bwana," Bibi akasema, naye akazidi kuinama hadi kiganja chake kikagusa baraza. Gurudumu likashuka. Tukapita.

Mlango wa dada yake ulikuwa na kizingiti kirefu, nami sikuwa nimekifikiria. Kabla sijaanza kukipima, sauti ilitoka ndani ikiuliza nani. Bibi akajitaja. Basi yule ambaye watu walikuwa wakimbembeleza hata ageuke kitandani akaomba ashikwe, aletwe dakani, hapo kwenye kibaraza cha mlangoni. Wakaketi magoti yakigusana, wakasemana vibaya juu ya nani amechelewa kumtembelea mwenzake. Uji ulipoletwa, dada mtu aliunywa huku akibisha.

Wakati wa kurudi nilimuuliza Bibi kama nizirudishe pete, kiti kiwe imara tena.

"Kwa nini?" akaniuliza. "Kesho hatuji?"

Pete zilibaki mfukoni mwangu.