Kikohozi cha Kasuku

Juzi, nikisubiri treni stesheni ya Tura, nilimwona kasuku akitetemeka ndani ya tundu, nikanusa tena moshi wa bani letu la kukaushia tumbaku kule Ulyankulu. Nilipokuwa mtoto, kasuku wetu aliugua, mama alimtundika mlangoni mwa bani.

"Joto litamponya," alisema, akichochea moto huku akikohoa.

Kasuku naye akakohoa.

"Mama, anakuiga!"

"Mjinga huyu! Nyimbo zangu zote hakuziona za kuiga?"

Tulicheka. Alasiri nzima walipokezana kukohoa nami nikiwashangilia, nisijue kwamba moshi uleule ulikuwa ukila vifua vyao wote wawili. Jua lilipoinama, kasuku alianguka ndani ya tundu, akanyamaza. Tulimzika nyuma ya bani. Kisha mama akarudi kuchochea moto, na kikohozi kikaendelea, sasa cha mtu mmoja.