Hitima ya Mwanamke wa Kitabuni

Mimi kitabu ambacho hakuna mtu anayekula ndani yake sikiamini. Watu wanapendana kurasa mia mbili, wanasafiri, wanagombana, wanapatana, na hakuna hata mmoja anayeona njaa! Nikifika katikati bila kusikia harufu ya kitunguu, nakifunga naenda kupika chai yangu. Sipendi pia vitabu vinavyoanza na ndoto, wala vile vinavyomwadhibu msichana kwenye ukurasa wa mwisho ili wasichana wengine wajifunze. Na mwandishi anayemuua mtu wake harakaharaka, kwa sababu tu anataka machozi yangu, huyo namkasirikia siku nzima.

Wanangu husema mimi ni mkali kuliko mkaguzi wa shule. Pengine ni kweli. Lakini ukali huu nilifundishwa, tena na mtu ambaye hakuweza kusoma hata kibao cha stesheni. Kila nikitoa kiti changu kwenye jua la saa nne, na kikombe cha chai ya tangawizi, na kitabu mapajani, namkumbuka na kumshukuru.

Mtu huyo alikuwa bibi yangu, mama wa baba. Ilikuwa Nakuru, miaka ya hamsini, katika mtaa wetu wa Waislamu karibu na msikiti. Mama alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu: bibi, baba aliyefanya kazi ya kupokea mizigo stesheni, na mimi. Bibi alizaliwa Mombasa, akaletwa bara na mumewe wakati gari moshi lilikuwa bado jambo geni, na mpaka mwisho wa maisha yake alilalamikia baridi ya Nakuru kana kwamba ilimwandama yeye peke yake. Hati za Kiarabu alizijua vizuri sana. Barua zake kwa jamaa wa pwani aliziandika kwa Kiswahili kwa hati hizo, kwa kalamu ya mwanzi aliyoichonga mwenyewe. Lakini herufi za shuleni kwetu alizionea shaka. Alisema zinatembea kinyumenyume.

Karani mmoja wa stesheni alikuwa na sanduku la vitabu vya Kiswahili, na kila mwezi alimpa baba kimoja aniletee. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilisoma kila kitu: vitabu hivyo, karatasi za gazeti zilizofungiwa sukari, maandishi ya kopo la siagi. Bibi alinivumilia kwa muda, kisha akataka kujua ninacheka nini peke yangu. Nikamsomea ukurasa mmoja. Akaniambia niendelee. Kesho yake alinikatalia kusoma mpaka jirani afike.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kusoma uani kila siku, baada ya sala ya adhuhuri, pale ambapo ukuta ulitukinga na upepo uliopeperusha vumbi jeupe kutoka ziwani. Nikirudi shuleni nawakuta wameshatandika mkeka. Bibi alishona kofia, akitoboa matundu madogomadogo kwa msumari na kuyazungushia uzi. Jirani yetu, mwanamke mnene aliyeuza mahamri, aliukanda unga wake. Wa tatu alikuwa mke wa seremala, aliyezaliwa upande wa Molo na kusilimu alipoolewa. Yeye hakuja na kazi yoyote. Alikuja kusikiliza tu, na kubishana.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mambo mengi ya watu wazima yalisemwa kwa sauti ya chini au hayakusemwa kabisa. Labda ndiyo sababu waliwasema watu wa vitabuni kwa sauti kubwa namna ile.

"Kwani bwana yake iko wapi?" mke wa seremala angeniuliza katikati ya sentensi. "Mtu anaacha bibi na njaa, na wewe unasoma tu?"

"Nisome nini basi, mama? Ndivyo ilivyoandikwa."

"Rudi nyuma uangalie. Labda umeruka."

Malipo yangu yalikuwa hamri la kwanza kutoka kwenye karai, la moto kiasi cha kuhamishwa mkono hadi mkono, na heshima. Sijapata tena heshima kama ile. Wanawake watatu wazima walinyamaza nilipokohoa.

Bibi alikuwa na sharti moja. Siku ya kwanza alinishika kidevu akaniambia, "Utasoma kilichoandikwa. Huongezi, hupunguzi." Kwake yeye neno kitabu halikuwa na mchezo. Vitabu alivyovijua viliwekwa juu kabatini, vimefungwa kwa kitambaa safi, na mtu hakuvigusa bila udhu. Sikufikiri kumweleza kwamba vitabu vya karani vilikuwa vya hadithi, za watu ambao hawakuwahi kuzaliwa. Nilidhani anajua. Naye baba alikuwa ameshaniwekea sharti lake: siku bibi akilalamika juu ya vitabu vile vinarudi kwa mwenyewe, na mimi nakwenda Gilgil kwa shangazi kujifunza kazi za nyumba. Shangazi alikuwa mwema, lakini nyumbani kwake hakukuwa na hata kipande cha gazeti.

Mwaka ule karani alituletea kitabu cha mwanamke mmoja aliyeolewa mbali na kwao. Mumewe anakwenda kutafuta kazi na harudi. Mwanamke anabaki katika mji mgeni, anashona nguo za watu, anapambana. Bibi alikipenda tangu ukurasa wa kwanza. Mara mbili aliacha sindano ikining'inia, na mara moja akasema, "Huyu namjua," kwa sauti iliyomzuia kila mtu kumwuliza zaidi.

Tulifika mahali mwanamke yule ameshikwa na homa. Yu peke yake chumbani, mvua inanyesha, maji ya kunywa yameisha mtungini. Nikafungua ukurasa. Kilichofuata kilikuwa jalada.

Kurasa za mwisho hazikuwepo. Mtu fulani kabla yangu alikuwa amezing'oa, ya kuwashia moto au ya kufungia njugu, sijui. Nikainua macho. Jirani ameacha kukanda. Mke wa seremala ameziba mdomo kwa mkono.

"Soma basi, unatukawisha nini?" jirani akanihimiza.

Nami nikasoma. Nikalikodolea macho jalada tupu nikasoma kurasa ambazo hazikuwepo, bila kukwama. Nikamuua. Nilimuua vizuri sana, alfajiri, mvua ikikatika, jina la mumewe mdomoni. Nilipoona jirani anajifuta macho kwa kiwiko chenye unga, nikaona bado nina nafasi. Nikaongeza: "Akazikwa na watu wasiomjua. Hakuwa na jamaa mji ule, na hata hitima hakusomewa."

Wakalia. Nilifurahi mno, nasema kweli. Nilikula mahamri matatu.

Kesho yake nilipotoka shuleni nikamkuta bibi anapepeta mchele. Unga ulikuwa tele, na birika kubwa la kahawa limeazimwa kwa jirani.

"Kuna nini, bibi?"

"Alhamisi baada ya alasiri tunamsomea hitima yule maskini. Mwalimu wa chuo cha Qurani nimeshamwambia. Haiwezekani Mwislamu afe hivihivi, aje mtu asome habari zake uani kwangu, nami ninyamaze."

Qurani nzima ingesomwa, juzuu kwa juzuu, na wazee wa mtaa, kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, tena ambaye nilimuua mimi mwenyewe. Siku mbili sikula. Jirani alisema ni minyoo. Nikisema, vitabu vinakwenda, na mimi Gilgil. Nisiposema, bibi yangu atainua mikono mbele ya watu kuombea uongo wangu. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua lipi ni baya zaidi, lakini sikuwa na ujasiri wa kutosha.

Asubuhi ya Alhamisi alinizidi kwa swali moja tu. "Mwalimu atauliza jina la baba yake. Limeandikwa wapi? Hebu nitafutie."

Nikaanza kulia. "Bibi, hakufa. Yaani sijui kama alikufa. Kurasa hazikuwepo. Nilisema mwenyewe. Na pia hakuna mtu kama huyo, bibi. Mwandishi alimtunga tu."

Alikuwa ameshika mwiko. Akauweka chini polepole. Akanitazama usoni kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya mara ya pili.

"Na yule mtu wa punda, wa kitabu cha mwezi uliopita?"

"Yule aliandikwa, bibi. Yote nilisoma kama ilivyokuwa."

"Kilete."

Nikampa kitabu. Akakifunga kwenye upindo wa kanga yake, akarudi kwenye chungu. Akasema, bila kugeuka, "Mahamri yameshaumuka, na watu wameshaalikwa. Nenda kanawe uso."

Hitima ikasomwa. Nilijibanza nyuma ya pazia na wanawake, nikingoja niaibishwe. Mwalimu alipomaliza aliuliza dua iende kwa nani. Bibi akamjibu kutoka upande wetu, kwa sauti kavu. Alitaja jina la mwanamke nisiyemjua na jina la baba yake, na jina hilo la baba lilikuwa la baba yake yeye mwenyewe. Jirani akanivuta sikio akanong'ona: "Mdogo wake. Alikufa kwa homa kule Mombasa. Barua ilipofika huku alikuwa ana siku arubaini kaburini." Miaka yote niliyoishi na bibi sikuwahi kusikia kwamba alikuwa na mdogo.

Hakumwambia baba. Lakini mkeka haukutandikwa kesho yake, wala juma lililofuata. Bibi alishona kofia zake ndani, na mimi nilizunguka uani kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga. Mke wa seremala alikuja kila siku, akakuta ua mtupu, akaondoka akinung'unika kwamba huku kwetu hata kitabu kinapata likizo. Nilimpenda kwa hilo, na bado nampenda.

Kurudi siku moja, naona mkeka umetandikwa. Wote watatu wamekaa. Bibi akaniamuru niketi, akafungua upindo wa kanga, akanipa kile kitabu. Kilikuwa kimenenepa. Kwa nyuma, mahali pa zile kurasa zilizopotea, zilikuwa zimeshonewa karatasi kwa uzi mweupe wa kofia, mishono midogo iliyolingana. Karatasi zilijaa mwandiko wake: Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kuanzia kulia.

"Chuoni walikufundisha hizo," alisema. "Soma."

"Bibi, ulisema kutunga ni uongo."

"Sikusema hivyo. Nilisema usiongeze kwenye kilichoandikwa, nawe ukaongeza. Lakini nikamwuliza mwalimu, akaniambia watu tangu zamani hutunga visa, hakuna dhambi mradi kila mtu ajue kwamba ni kisa." Akachukua sindano yake. "Wewe kosa lako lingine. Ulimuua yule mwanamke bila kumfikiria. Ulitaka tulie tu. Mimi nimemfikiria siku kumi na nne."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na nimewasikia wasomi wakieleza kitabu kizuri ni kipi. Sijamsikia hata mmoja aliyesema zaidi ya hapo. Karani nilipompelekea kitabu alikigeuzageuza, akasema yeye hawezi kusoma huo mkia wake, nikae nacho. Ninacho mpaka leo. Uzi haujakatika popote. Baadaye, nikiwa mama mwenye watoto, nilikipata kizima kwenye duka moja la vitabu, nikasimama palepale kutazama mwisho wake. Mwandishi naye alimuua, tena harakaharaka kuliko mimi. Nikakirudisha kwenye rafu.

Alasiri ile mkekani nilikohoa, wakanyamaza, nikaanza. Bibi hakuwa na maneno ya kupamba. Aliandika kwamba barua ilifika mapema. Dada yake alipanda gari moshi usiku uleule, hakungoja ruhusa ya mtu, akafika asubuhi akamkuta yu hai. Akafungua dirisha. Akateka maji. Akawasha moto, akapika uji wa mchele, akautia pilipili manga na sukari kidogo, akampuliziapulizia, akamnywesha kijiko kwa kijiko, na yule mdogo wake akasema uji una pilipili nyingi.

Nilikuwa nikisoma kilichoandikwa, siongezi, sipunguzi, na hapo kwenye uji sauti ikanikatika. Nikamtazama bibi. Alikuwa ameinamia kofia yake, anatafuta tundu la sindano na halioni.

"Sasa wewe unalia nini?" mke wa seremala akaniambia. "Soma. Huyo amepona."