Mwaka Niliokataa Kufunga Mvua

Japani bei haipunguzwi. Nilikwenda dukani wiki yangu ya kwanza, nikashika kabichi, nikamwambia muuzaji anipe bei ya mwisho. Akainama, akanisomea bei ileile iliyoandikwa. Nikarudisha kabichi, nikapiga hatua za kuondoka, zile za soko la Majengo, Dodoma, ambazo muuzaji lazima akuite. Hakuniita. Nilifika hadi mlangoni, nikarudi, nikalipa. Tangu siku hiyo nikajua nimefika nchi ngumu.

Kazi yangu ilikuwa kwenye yadi ya kufungua magari mabovu. Injini huku, milango kule, vinapakiwa kwenye kontena na kuja kwetu. Niliishi chumba cha chini kwenye nyumba ndogo ya ghorofa, na mkabala na dirisha langu lilikuwa dirisha la bibi mmoja mjane. Yeye ndiye aliyenifundisha siku ya kutoa taka za kuungua na siku ya kutoa chupa. Mimi nilimbebea mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto. Ukijumlisha, nilikuwa namdai yeye kidogo, au yeye ananidai mimi. Kila nikipiga hesabu inakuja tofauti.

Kila mwaka majira ya baridi yakikatika, televisheni inaonyesha ramani ya sakura, miti yao ya maua. Yanaanza kuchanua kusini, yanapanda kaskazini, na mtangazaji anayafuatilia kama sisi tunavyofuatilia mvua za kwanza. Watu wanatandika maturubai ya buluu chini ya miti, wanavua viatu, wanakula na kunywa. Bibi alinialika mwaka wa kwanza. Nikasema nina kazi. Jumapili yadi ilikuwa inalipa zaidi. Mwaka wa pili nikasema hivyohivyo. Mwaka wa tatu hakuniuliza mapema, alisubiri hadi aliposikia kwamba mkataba wangu unaisha na tiketi ya kurudi imeshakatwa.

"Jumapili hii," alisema. "Ukisema kazi, nitakuja yadini nikufungue wewe badala ya magari."

Nikaomba ruhusa. Nilimpigia mama, kijijini kwetu Haneti, kumweleza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huko kuna mvua?"

"Wanaomba isinyeshe. Wanataka kwenda kuangalia maua."

"Watu wazima?"

"Watu wazima, mama. Na wakubwa wa ofisi."

"Yanazaa nini hayo maua?"

"Hayazai kitu. Yanakaa kama wiki, yanadondoka."

"Basi ni ugonjwa," akasema. "Huku mtama umeshika mimba, mvua imegoma. Unataka moja tu, ya kujaza punje. Hao wanaoikataa waambie watuletee."

Ijumaa bibi alinigongea. Alikuwa ameshika kidoli cha kitambaa cheupe, kichwa kimejazwa pamba, macho mawili ya wino. Alikuwa ameshona viwili: kimoja chake, kimoja changu. Kinaning'inizwa dirishani, akasema, ili kesho na keshokutwa mvua isije.

"Isipokuja hapa inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Inaenda kwingine."

"Kwingine wapi?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe hata mvua unaidai risiti!"

"Basi tuipeleke Haneti, kwa mama yangu."

"Kwa kidoli kidogo hivi? Afrika ni mbali. Kitachoka njiani."

Nilikipokea kwa mikono miwili kama alivyonifundisha. Nikafunga mlango, nikasimama nacho.

Mimi si mshirikina. Nimeuza vipuri Dodoma miaka mingi, nimeona kila aina ya dawa ya biashara na sijanunua hata moja. Lakini mtu wa Ugogoni kufunga mvua si jambo la mzaha. Kwetu mtu akisingiziwa tu kwamba kaifunga, anahama kijiji. Nikaona mtama wa mama umesimama na mimba yake, na mimi mwanawe, huko ughaibuni, naning'iniza kitambaa kuifukuza mvua. Nilikisogeza dirishani mara mbili, na mara mbili nikakirudisha. Mwisho nikakiweka kabatini, juu ya bakuli.

Jumamosi mvua ilishuka tangu alfajiri. Si manyunyu, ni ile ambayo Haneti watoto wangetoka nje kuikogea. Masikio yangu yalifurahi kabla sijakumbuka niko wapi. Nikafungua pazia. Mkabala, bibi alikuwa amesimama dirishani kwake, kidoli chake kinaning'inia karibu na shavu lake. Alikuwa anatazama dirisha langu, na dirisha langu lilikuwa tupu.

Nilitoka na mwavuli nikaenda kwake.

"Hukukining'iniza," akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma mita.

Nilikuwa na maelezo yote kichwani: mama, mtama, watu wanaohamishwa vijiji. Lakini Kijapani changu kilikuwa cha yadi. Nilijua giaboksi, nilijua bampa la mbele, nilijua "hii imekufa". Nikatafuta neno la kuanzia, nikakosa. Nikasema, "Nimesahau."

Hilo neno nililijua vizuri.

"Ah," akasema. Akatazama chini. "Ndiyo. Una shughuli nyingi."

Afadhali angenitukana. Miaka mitatu alikuwa akiningoja chini ya miti ile, na mimi nikampa sababu ambayo mtu humpa mwenye nyumba anayedai kodi.

Jioni nikampigia mama, kwao ni mchana. Haneti jua lilikuwa linawaka, hakuna hata wingu la kudanganyia. Nikakaa kitandani nikipiga hesabu ya ile mvua, mara ya kwanza, mara ya pili. Nimekula hasara soko la huku na la kule.

Jumapili mvua ilikata. Tulikwenda hivyohivyo, kwa kuwa alikuwa ameshapika. Karibu maua yote yalikuwa chini, yamegandamana na matope, mengine yanaelea kwenye mto uliopita kando ya miti kama makapi ya uwele. Matawini yalibaki machache, yamechakaa. Turubai lingelowa, kwa hiyo tulikula tumesimama. Matonge ya wali yaliyobanwa kwa mkono, mayai, na samaki ambaye bibi aliniondolea miba kama mtoto.

"Mwakani," akasema.

Tiketi yangu aliijua. Tarehe aliizungushia duara mwenyewe kwenye kalenda yake.

"Mwakani," nikasema.

Chakula kilichobaki akanifungia kwenye kopo lenye mfuniko, nikale jioni. Nililiosha usiku huohuo, nikalikausha. Lakini kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na karanga za mama zilikuwa zimeisha. Nikasema nitafute kitu cha maana cha kuweka. Kesho yake nikasema kesho. Nikaja kuliona nyumbani Dodoma, Area D, nilipofungua sanduku, katikati ya soksi. Sasa tunawekea chumvi.